Goti la Baba na Mashine ya Kusaga

Nilipofika nyumbani nilimkuta baba amelazwa kitandani sebuleni, mguu wake wa kulia umeinuliwa juu ya mto mkubwa wenye foronya ya maua, na akina mama wa jumuiya ya kanisa wameuzunguka kama watu waliokuja kutazama mtoto mchanga. Niliweka begi langu chini, nikasema shikamoo. Baba alitazama dari. Akina mama wakanijibu kwa niaba yake, kisha mmoja wao akamwinamia.

"Mzee, mwanao amekuja."

"Nimemwona," baba alisema. "Anaondoka lini?"

Nilikuwa nimetoka Usa River, kwenye shamba la maua, ambako kazi yangu ilikuwa kupanga waridi kwenye makasha ndani ya chumba chenye baridi kuliko kilele cha mlima. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenipigia simu. Yeye ana nyumba Sekei, ana kazi ya ofisini na mke. Ndiye aliyempeleka baba hospitali, wakamtoa goti lililokwisha na kumwekea la chuma, kisha akamchukua kwake apate kupona mahali penye vigae na choo cha kukaa. Hakuwaza jambo ambalo kila mtu wa kwetu angeliwaza kwanza. Mke wa mtu hamgusi baba mkwe. Shemeji yangu hakuweza hata kupita sebuleni kama blanketi limeteleza na paja liko wazi. Alimpelekea chai akiwa ameangalia pembeni, akaiweka mezani, akatoka kinyumenyume. Na goti jipya halikunjwi na mtu aliyeangalia pembeni. Kaka alikuwa anaondoka alfajiri na kurudi amechoka. Mguu ulikuwa unalala tu, na baba alikuwa anapiga kelele arudishwe nyumbani kwake, juu ya Ngaramtoni, anakoweza kuwasikia ng'ombe wake.

"Uko wapi?" kaka aliniuliza kwenye simu.

"Usa."

"Unafanya nini?"

"Napanga maua."

"Hiyo si kazi. Nimemrudisha kwake. Nenda nyumbani ukamkunje baba goti."

Mama yetu alikwisha kufa. Dada zetu wameolewa, na kwa wazee wa aina ya baba, binti wa kumzaa hana ruhusa ya kugusa mguu huo zaidi ya mkwe. Nilibaki mimi, ambaye kwa hesabu ya ukoo sikuwahi kuwa na shughuli. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu lori la vitunguu lilisimama barabarani na dereva akaniuliza kama najua kufunga turubai. Tangu hapo nimekuwa utingo, nimechimba tanzanaiti Mererani, nimebeba mizigo ya watalii mlimani, nimeosha vyombo kwenye hoteli za wageni. Sikukaa popote. Nilikuwa nataka kuona kilichopo mbele, na nikishakiona nilikuwa nataka kingine. Baba alikuwa ametupa njia mbili, kitabu au ng'ombe, na mimi sikuchukua hata moja. Hakunisamehe, wala sikumwomba.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja kesho yake kwa bodaboda, binti wa Kichaga mwenye mkoba mgongoni na raba nyeupe ambazo zilikuwa zimeshachafuka kabla hajafika mlangoni. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuuvuta ule mto kutoka chini ya goti na kuutupa kwenye kochi.

"Huu ni adui yako, mzee wangu," alisema. "Unakufanya ujisikie vizuri, na goti linaganda likiwa limepinda. Ukizoea hivi, hutanyoosha mguu mpaka unakufa."

"Umemsikia huyu mtoto?" baba aliuliza ukuta. "Anazungumzia kifo changu."

Binti akaniita nikaribie. Kovu lilishuka katikati ya goti kama njia ya siafu, na goti lenyewe lilikuwa limevimba, linang'aa, na joto lake ukiweka kiganja ni la sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Nikamuuliza kila kitu. Chuma ni cha aina gani? Kimeshikizwa na nini? Katikati kuna nini, chuma kinasagana na chuma? Akaniambia katikati kuna plastiki ngumu. Nikacheka, maana kwenye malori pia huwa hivyo, bushi ya plastiki katikati ya vyuma viwili, na ikiisha ndipo dereva huanza kumtukana fundi. Akaniinulia picha ya eksirei dirishani nami nikaiangalia mpaka mkono wake ukachoka.

Baba alikuwa na swali moja. "Mfupa wangu wameutupa wapi?"

Binti yule alisema hajui.

"Basi hujui kitu."

Alimpima kwa kipimo cha plastiki chenye mikono miwili kama mkasi. Kisha akatueleza bila kuzungusha. Siku ya kurudi kliniki, goti linatakiwa liwe linanyooka sawasawa na kukunjika mpaka nyuzi tisini, yaani kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha kawaida. Lisipofika, daktari atamlaza tena kwa dawa ya usingizi alikunje kwa nguvu, na hata hapo hakuna uhakika. Wengine hubaki na mguu kama mti.

"Na kile?" baba aliuliza, akinyoosha kidole.

Alikuwa anaonyesha kigoda chake, kilichokuwa kwenye kona karibu na fimbo. Ni cha mti mmoja, cha miguu mitatu, kifupi, kimelainika kwa makalio ya miaka mingi. Hakuna mwingine aliyewahi kukikalia. Wazee wa kwetu wanapokutana kuzungumzia mambo ya boma, kila mmoja anakalia chake, na mwenye boma ndiye husimama mwisho, na fimbo mkononi, akasema neno la kufunga.

"Hicho?" Binti akatikisa kichwa. "Hicho ni cha chini mno, mzee. Labda baadaye sana. Labda hapana."

Baba alirudi kutazama dari. Lakini nilimjua. Mtu wa kwetu anayepokea wazee akiwa kwenye kiti cha plastiki ni mgeni kwenye boma lake mwenyewe, na asiyeweza kusimama kusema neno la mwisho, litasemwa na mwingine. Huyo mwingine alikuwapo tayari. Alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja, ambaye boma lake liko ng'ambo ya korongo, na ambaye tangu upasuaji alikuwa anakuja kila siku kuwahesabu ng'ombe wa kaka yake kwa macho na kuuliza, kwa upole kabisa, kama malisho yanatosha.

Vita vya mto vikaanza siku hiyohiyo.

Kwetu mtu aliyekatwa hulala. Kijana akitahiriwa hulala, hulishwa mafuta na supu, hachekeshwi, hasumbuliwi, mpaka anenepe. Mwanamke akijifungua ni vivyo hivyo. Na baba alikuwa amekatwa, tena na daktari, tena kwa kisu kikubwa. Kwa hiyo watu walimletea mapumziko kama mtu anavyoletewa zawadi. Akina mama walikuja na loshoro ya mahindi na maziwa mgando, na maziwa, na supu yenye mafuta ya kusimamisha kijiko, na kila aliyeingia, kabla hajakaa, aliutafuta ule mto, akauinua mguu wa baba kwa heshima na kuurudisha. Nami nilikuwa nautoa.

"Kijana, mbona unamtesa baba yako?"

"Mtaalamu amekataza, mama."

"Mtaalamu gani? Yule mtoto wa raba nyeupe? Ameshawahi kukatwa yeye?"

"Hajakatwa."

"Haya."

Baba mdogo alileta mto wake mwenyewe, mpya, wa sponji. Aliuweka kwa mkono wake, akaupigapiga ukae vizuri. "Pumzika, kaka," alisema. "Umefanya kazi sana. Pumzika tu." Nilimwangalia usoni wakati anasema, na nilikuwa nimewahi kuiona sura hiyo Mererani, kwa mtu anayemshauri mwenzake asihangaike kuchimba zaidi kwenye shimo lile.

Baba aliutaka mto. Alinichukia nilipouondoa. Nikimfunga kanga kwenye unyayo avute kisigino kuelekea makalioni, juu ya mfuko wa nailoni ili kiteleze, alikuwa anaiachia kanga na kufumba macho. Nikimwekea shuka lililokunjwa chini ya kisigino ili goti lining'inie na kunyooka lenyewe, alilisukuma kwa mguu mwingine. Nilichota maji ya mfereji, yanayoteremka na baridi yote ya mlimani, nikaloweka taulo na kulifunika goti, naye akasema namwosha maiti. Kila zoezi alikuwa anajibu neno moja: "Kesho."

"Unaogopa," nilimwambia siku moja.

Aligeuza kichwa taratibu. "Ero," akasema, neno ambalo mzee wa kwetu humwitia mtoto wa kiume anayechunga mbuzi, "mimi nilikatwa mbele ya wanaume wa boma kumi na sikutikisa kope. Wewe ulikatwa wapi? Hospitali, kwa sindano ya ganzi, unacheka na muuguzi."

Ilikuwa kweli, na alikuwa ananiumiza makusudi, lakini hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Sikuwa nimemsikia akilalamika hata mara moja. Hata nilipougusa mguu vibaya, alikuwa ananyamaza na kunyamaza, na jasho linatoka juu ya mdomo. Mtaalamu alikuwa amesema wazi: goti hili likikunjwa, mtu lazima apige kelele, kila mtu hupiga, na asiyepiga ni kwa sababu halikunjwi. Wazee waliomwona baba ujanani mwake wengine bado wako hai. Wanapita njiani mbele ya nyumba. Alikuwa ameishi maisha yake yote juu ya ile siku ambayo hakutikisa kope, na sasa alikuwa anachagua mguu wa mti kuliko kusikika.

Ng'ambo ya njia kuna mashine ya kusaga. Inapoanza, vikombe vinatetemeka kabatini na mtu hasikii kikohozi chake. Siku hiyo, wanawake walipofika na ndoo za mahindi na mashine ikaanza kunguruma, baba alifumbua macho. Akausikiliza ule mngurumo. Kisha akaichukua kanga mwenyewe, akaniangalia kwa chuki isiyo na mfano.

"Sasa," alisema.

Sikuwahi kuona kitu kama kile. Nilishika kisigino kwa mkono mmoja na juu ya goti kwa mwingine kama nilivyofundishwa, nikasukuma, naye akafungua mdomo na ikatoka sauti ambayo sikujua kama binadamu anayo. Sikuisikia yote. Niliona tu meno na mishipa ya shingo. Nilipolegeza alipiga kitanda kwa ngumi.

"Nani amekwambia uache? Mbwa wewe! Sukuma!"

Nikasukuma.

"Mbwa! Mwizi! Ulitoroka kama paka aliyeiba nyama!"

"Kunja, bado!"

"Lori! Uliniacha na ng'ombe porini ukapanda lori la vitunguu!"

"Ulikuwa unanipiga kila siku! Kunja!"

"Nilikupiga kidogo! Ningekupiga vizuri ungekaa!"

Ndivyo ilivyokuwa. Kila mashine ilipoanza, nasi tulianza. Mambo ambayo baba na mwana wa kwetu hawasemeani hata wakiwa wamelewa, tulikuwa tunayapigia kelele uso kwa uso, mate yanarukiana, na mashine inayasaga yote pamoja na mahindi ya watu. Aliniambia mama alikufa akiniulizia. Nikamwambia aliniulizia kwa sababu yeye alikataza jina langu litajwe. Akasema ndiyo, alikataza, na angekataza tena. Nikamwambia nilipokuwa mpagazi nilikuwa nawaona wazee wa Kizungu wa umri wake wakipanda mlima huu kwa miguu yao, wanauliza majina ya ndege, na yeye ameishi chini yake maisha yote na hajawahi kuuliza kitu ila bei ya fahali. Akanitemea mate. Nikakunja goti. Mashine ikinyamaza, nasi tulinyamaza palepale, nikamfunika, nikamletea chai, naye akaipokea akiangalia dari. Kama kuna mgeni aliingia, alikuta mzee mtulivu na mwanawe asiye na maneno.

Na goti lilikuwa linakwenda. Binti wa raba nyeupe alipopima alipandisha nyusi. "Mnafanyaje?" aliuliza.

"Tunasali," baba alisema.

Kisha umeme ukakatika.

Ilikuwa mchana, mashine iko katikati ya kazi. Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu unaning'inia, nami nimepiga magoti sakafuni nauvuta nyuma chini ya kitanda. Alikuwa amenitukana tangu mwanzo wa gunia hadi mwisho wake. Alikuwa amesema kwamba wanangu, kama ninao mahali fulani barabarani, wataniona nami kama mavi ya njiani. Nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote, na neno la kwanza lilizama kwenye mngurumo, na mengine yakatokea kwenye kimya kama mtu aliyetoka majini.

"Basi kufa, tupumzike wote!"

Hata kuku walikuwa kimya. Dirisha lilikuwa wazi. Uani walikuwa wamesimama akina mama na chupa zao za chai, na nyuma yao, mkono wake uko kwenye lango la zizi, baba mdogo.

"Nimesikia," alisema, bila haraka. "Na nyinyi mmesikia."

Kumtakia baba kifo kwetu si matusi ya kawaida. Kuna watu wamefukuzwa kwenye ukoo kwa chini ya hapo. Lakini baba mdogo hakunihitaji mimi. Nilikuwa mlango tu wa kuingilia. Mpaka jioni habari ilikuwa imeshafika sokoni Ngaramtoni, na ilikuwa imeshakua: nilikuwa nampiga, nilikuwa nimemfunga kamba, ndiyo maana mzee analala na jasho. Wazee wakaitwa waje Jumapili baada ya ibada. Baba mdogo alitangaza atakachosema kabla hajakisema. Kaka yake amekwisha, boma halishikwi na mtu wa kulala, na mtoto wake anamtakia mauti. Yeye yuko tayari kuwachukua ng'ombe wawe pamoja na wake, na kaka yake pia ahamie kwake, alale kwa amani, kwenye mto.

Nilianza kupanga begi langu. Baba aliniangalia kutoka kitandani.

"Unatoroka tena?"

"Unataka nikae?"

"Sitaki. Leta kigoda."

Tulifanya mazoezi ya kigoda siku zote zilizobaki, na hatukutukanana tena, hata mashine ikinguruma. Chuki ilikuwa palepale ila haikuwa na nafasi. Kukaa hakukuwa shida kubwa: anatanguliza mguu wa chuma mbele, anajishusha kwa ule mzima na fimbo. Shida ilikuwa kuinuka. Mara nyingi alirudi chini kama gunia. Nikakumbuka yule binti alivyosema kiti kikiwa kifupi kiinuliwe, nikatafuta jiwe bapa mtoni, nikalichimbia uani mahali anapokaa mwenye boma, nikaweka kigoda juu yake na ngozi ya ng'ombe ikafunika jiwe. Kilipanda kama upana wa kiganja. Baba alikikalia, akaangalia pande zote.

"Wataona."

"Waone."

Jumapili wazee walikuja na mashuka yao juu ya makoti ya kanisani, kila mmoja na kigoda chake. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migomba. Baba mdogo alifika na kiti cheupe cha plastiki amekibeba kichwani mwenyewe.

"Nimekuletea kiti, kaka. Usiumie."

Baba alitoka mlangoni na fimbo tu. Fremu ya chuma ya kutembelea aliyopewa hospitali niliiacha ndani. Alikwenda polepole, hakuchechemea sana, akalifikia jiwe lake, akatanguliza mguu, akakaa. Baba mdogo alibaki ameshika kiti.

"Leo umekaa juu ya wenzako," alisema, akiangalia ile ngozi.

"Kalia hicho chako basi," baba alimjibu, "umekuja nacho."

Mzee mmoja alicheka akajifanya anakohoa. Baba mdogo hakukalia kiti.

Nilisimama pembeni, mahali pa mtuhumiwa. Walisema juu yangu kwa zamu. Kwetu hakuna kumkata mtu anapozungumza, na wazee wanapenda kuanza mbali. Mmoja alianza na babu yangu. Mwingine alitaka nitoe kondoo wa kutakasa neno. Baba mdogo alisema yake yote, kwa upole, na wengi waliitikia kwa vichwa. Mimi sikuwa nasikiliza. Nilikuwa natazama goti. Tulikuwa tumeambiwa lisikae mahali pamoja muda mrefu, na baba, ambaye akiwa peke yake angelisogeza, mbele yao hakulisogeza hata kidogo. Niliona suruali inakaza. Niliona jasho juu ya mdomo. Nilijua kinachotokea ndani, kinaganda, na hotuba zilikuwa bado.

Hatimaye wakanyamaza, wakamgeukia. Ilikuwa zamu ya mwenye boma kusimama.

Akachomeka fimbo, akajivuta, akafika nusu, akaanguka tena juu ya kigoda. Baba mdogo akasogea haraka, akanyoosha mkono wake.

"Rudisha mkono," baba alisema.

Ilikuwa Jumapili. Mashine ya kusaga ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na njia nzima ilikuwa kimya kiasi cha kusikia maji ya mfereji. Baba aliangalia ng'ambo, kwenye banda la mashine, kama mtu anayemsubiri rafiki aliyechelewa. Kisha akaurudisha nyuma mguu wa chuma, chini yake, kuliko tulivyowahi kuurudisha, na ile sauti ikamtoka. Ile yote. Mbele ya wanaume waliomwona ujanani. Wazee waliinamisha macho kama mtu amevuliwa nguo, na yeye akaendelea kulia na kupanda, kulia na kupanda, mpaka akasimama.

Akahema. Akafuta mdomo kwa shuka.

"Mlikuja kusikia kelele," alisema. "Hizo ndizo. Zilikuwa zangu. Huyu hakunipiga." Akahema tena. "Matusi alitukana. Nami nilimtukana kabla yake, tena vibaya zaidi. Umeme ulikatika kwenye zamu yake. Ungewahi kidogo mngenisikia mimi, na mngeita kikao cha kunifukuza."

"Lakini neno alilosema, kaka—" baba mdogo alianza.

"Nimesimama."

Baba mdogo akanyamaza, maana aliyesimama hakatwi.

"Ng'ombe hawatoki hapa. Nami sitoki. Kondoo hatoi, hana kondoo, hana hata kuku. Nitampiga mwenyewe, siku nitakayoweza kusimama bila fimbo, maana nitakuwa nimempigia hiyo fimbo." Akawaangalia mmoja mmoja. "Nimemaliza. Na ule mto wako wa sponji, uko kwa mbwa."

Waliondoka kabla wingu halijawa mvua. Nilimpeleka ndani, nikaloweka taulo, nikalifunika goti lililokuwa limevimba kama boga, naye akasema maji si baridi ya kutosha.

Kliniki walimpima na kumwambia aendelee hivyo hivyo. Hakukuwa na dawa ya usingizi. Akawa anakwenda mpaka zizini, kisha mpaka mfereji, na siku moja kaka alipokuja kutoka Sekei alimkuta hayupo nyumbani kabisa, yuko mnadani Ngaramtoni anabishana juu ya jino la ndama. Nilikuwa nimeshasikia kuhusu kazi ya kupikia wapanda mlima, na miguu yangu ilikuwa inawasha. Nikafunga begi.

Aliniita nikiwa uani. Watu walikuwapo, wanawake na ndoo zao wanasubiri mashine, na baba mdogo, kwa bahati yake, alikuwa anapita njiani.

"Ero. Simama hapo."

Nilisimama. Alinijia polepole, fimbo inagonga udongo, mpaka akawa mbele yangu karibu kiasi cha kunusa tumbaku. Alihamisha uzito wote kwenye mguu wa kulia. Akainua fimbo kutoka ardhini. Nilikuwa na nafasi ya kukimbia, lakini nilikuwa naliangalia goti, nataka kuona litafanya nini.

Alinipiga begani kwa nguvu zake zote. Iliuma, na alama ilikaa mpaka mlimani. Goti halikutikisika.

"Sasa nenda," alisema.